Flanji, ukingo unaobeba kalibu ya faiba

Ukitaka kujua boti ya faiba ilitoka katika kalibu ya namna gani, acha kwanza rangi na mng'ao wake. Pitisha kidole kwenye omo, uanzie juu na ushuke taratibu hadi kwenye mkuku. Ukikuta mstari mwembamba ambao hata kucha inaupata kwa shida, aliyetengeneza kalibu alikuwa fundi hasa. Ukikuta tuta, au upande mmoja umekaa juu ya mwenzake, kosa lilitokea kwenye flanji, na kila boti itakayotoka humo itakuwa na kovu hilohilo la kupigwa msasa.

Boti ya faiba hupitia hatua tatu. Kwanza huundwa modeli, yaani umbo kamili la boti kwa mbao, povu na puti, likasuguliwa mpaka liteleze. Juu ya modeli hutandikwa jelikoti, yaani resini nzito ya tabaka la uso, kisha mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa resini. Ganda hilo likikauka na kubanduliwa ndilo kalibu. Ndani ya kalibu sasa hutengenezwa boti zenyewe, moja baada ya nyingine. Flanji ni ule ukingo unaochomoza nje kuzunguka kalibu, kwa kawaida kwa pembe ya digrii 90. Ukingo huo huikaza kalibu isilegee, hutoa nafasi ya nyuzi kupita kidogo mstari wa kukatia ili ukingo wa boti usiwe mwembamba, na kalibu ikiwa ya vipande viwili, ndipo bolti hupita.

Si kila boti inahitaji kalibu ya vipande viwili. Chombo ambacho mbavu zake zinapanuka kuelekea juu huchomoka bila taabu, kama sufuria zilizopachikwa moja ndani ya nyingine. Lakini mbavu zikirudi ndani karibu na ukingo wa juu, au mkuku ukiwa mrefu na mwembamba, boti hunasa. Hapo kalibu hugawanywa katikati, kutoka omo hadi tezi, na kila nusu hupewa flanji yake.

Kazi yote ya flanji huanza na ubao wa kizuizi. Chukua bodi iliyopakwa melamini, ikatwe ifuate umbo la modeli kwenye mstari wa katikati, ibaki nafasi ya milimita moja au mbili tu. Vigingi vya kuushikilia viwekwe upande ambao hutautandika kwanza. Nafasi iliyobaki huzibwa kwa plastisini, kisha husawazishwa kwa kijiti cha plastiki mpaka pembe kati ya ubao na modeli iwe kali.

Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia mbele, na hapa ndipo ningewaomba watulie kuliko mahali pengine popote. Plastisini ikivimba juu ya nafasi, nusu ya kwanza itatoka na kona ya mviringo. Nusu ya pili itakapotandikwa, jelikoti itajaa kwenye uwazi huo na kuwa ulimi mwembamba kama wembe, ambao utavunjika mara za mwanzo tu kalibu ikifunguliwa. Plastisini ikizama, ulimi huo huota kwenye nusu ya kwanza. Vyovyote iwavyo, mwisho wake ni lile tuta kwenye omo. Tazama mstari mzima kwa taa iliyolazwa ubavuni, maana mwanga wa juu huficha kasoro.

Kabla ya kutandika, bandika kwenye ubao vinundu vidogo vya plastiki ngumu vyenye umbo la nusu mpira. Vitaacha vishimo kwenye flanji ya kwanza, na flanji ya pili itaota vinundu vya kuingia humo. Hivyo ndivyo nusu mbili zinavyorudi mahali pake kila zinapofungwa. Bolti peke yake hazitoshi, kwa sababu tundu lake huwa na nafasi ya kuchezacheza.

Modeli na ubao hupakwa nta tabaka kadhaa kwa muda anaoelekeza mtengenezaji wa nta. Jelikoti ya kalibu hufuata, unene wa kati ya nusu milimita na milimita moja. Kisha kuna ile kona ya ndani kati ya ubao na modeli. Mkeka wa nyuzi haupendi kukunjwa kwa digrii 90. Hujinyoosha na kuacha hewa nyuma ya jelikoti, nayo jelikoti isiyo na mgongo hubanduka. Ijaze kona kwanza kwa resini iliyokolezwa unga wa silika, au kwa uzi wa kioo uliolowa, ndipo ulaze mkeka mwepesi wa gramu 225 au 300 kwa mita ya mraba. Uache ukauke kabla ya kuendelea na mikeka ya gramu 450, tabaka chache kwa siku.

Haraka hapa ina gharama. Resini ya poliesta hutoa joto inapoganda, na husinyaa. Ukirundika tabaka nyingi kwa pamoja, joto hupanda, msinyao huongezeka, na flanji huvutwa ndani ya pembe yake. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, tandika asubuhi na upunguze hadina, yaani kile kigandishi kinachochanganywa na resini, lakini usishuke chini ya kiwango cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi ni asilimia 1 hadi 2. Hadina ikiwa pungufu, resini haikauki sawasawa hata ungoje wiki. Na uvae miwani: tone lake moja linaweza kupofusha.

Flanji iwe na unene usiopungua ule wa kalibu yenyewe, na upana wa milimita 50 hadi 100. Anayevuta resini kwa vakyumu aongeze hadi 150, maana utepe wa kuzibia na mipira ya kupitishia resini vyote hukaa hapo. Nimeona flanji za vidole viwili zilizofanywa kwa nia ya kuokoa resini, na siungi mkono: resini iliyookolewa huishia kwenye puti na msasa wa kurekebisha kila boti.

Nusu ya kwanza ikikauka, ng'oa ubao lakini usiibandue kwenye modeli. Safisha plastisini, paka nta flanji, kisha tandika nusu ya pili juu yake. Zikauke zote, utoboe matundu ya bolti kila baada ya milimita 150 hadi 200 zikiwa bado zimeshikana, na ukate kingo za nje kwa grinda kwa pamoja. Kuzifungua, tumia kabari za plastiki, kamwe si bisibisi. Kalibu isiyo kazini ihifadhiwe ikiwa imefungwa bolti zake zote, maana nusu iliyoachwa peke yake juani hupinda, na flanji iliyopinda hairudi kwa kukazwa.