Kodi ya parseli na nauli ya kuvuka: nani anaamua hapa Kisangani?



Jumapili moja baada ya ibada, mama mjane wa Lubunga alinisubiri nje ya kanisa. Alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Watu wa kodi walikuwa wamepita kwake, wakaangalia nyumba, wakamwachia deni la kodi ya parseli. Ili aulizie deni hilo ilimpasa avuke mto kwa mtumbwi mpaka Makiso, apande pikipiki, afike ofisini, aambiwe arudi kesho. Kesho yake akafanya safari ileile. Alipojumlisha nauli za siku hizo mbili akaniambia, "Baba Mchungaji, nimelipa njia kabla sijalipa kodi."

Nilimjibu kama wengi wetu tunavyojibu. Nikamkumbusha habari za Kaisari, nikamwambia alipe, nikaomba pamoja naye. Wiki chache baadaye ndugu mmoja mwanasheria alinionyesha sheria yenyewe, nami nikaona aibu. Katika sheria hiyo kuna mlango uliowekwa kwa ajili ya mtu kama yule mama, na umekuwa pale tangu 1969. Shule ya theolojia ilinifundisha kusoma Kigiriki. Karatasi ya kodi sikufundishwa kuisoma, wala sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo leo naeleza mambo mawili ambayo waumini wetu huyauliza sana: ni nani mwenye uwezo wa kupunguza kodi ya parseli, na ni nani anayeamua habari za usafiri wa mji. Watu wengi wanayaweka yote juu ya "mji" au "meya". Kumbe sivyo, na mtu akipeleka shida yake kwenye mlango usio wake, anarudi na nauli iliyopotea.

Tuanze na kodi. Sheria mama ni amri-sheria namba 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969. Ndiyo inayotoza kodi kwenye nyumba na viwanja, na humohumo inatoza kodi kwenye magari na pikipiki. Yaani parseli ya mjane na pikipiki ya kijana anayembeba zimeandikwa katika sheria moja. Kodi ya parseli haifuati thamani ambayo nyumba ingeuzwa sokoni. Inafuata aina ya jengo, ukubwa wake, na daraja la mahali lilipo. Mji wetu na mitaa yake imepangwa kwa madaraja, na nyumba ileile ikihamishwa kutoka daraja moja hadi lingine kodi yake inabadilika. Ndiyo maana, kabla ya kugombana na mtoza kodi juu ya hesabu, uliza kwanza: umeniweka daraja gani, na umehesabu jengo gani?

Zamani fedha hiyo ilikuwa ya serikali kuu. Katiba ya 18 Februari 2006 ilibadilisha. Kifungu cha 204 kinaweka kodi ya ardhi na nyumba, kodi ya mapato ya kupangisha, na kodi ya vyombo vya moto katika mamlaka ya jimbo. Tangu hapo, viwango vinatoka kwa wakuu wa jimbo: bunge la jimbo la Tshopo na serikali ya gavana. Meya wa Kisangani hawezi kuamka asubuhi akakufutia kodi ya parseli, hata akiwa mtu mwema na anakufahamu. Na kuna kifungu kingine, cha 174, ambacho ningependa kila shemasi akijue: hakuna kodi bila sheria, na pia hakuna msamaha wala punguzo la kodi bila sheria. Sentensi hiyo inakata pande mbili. Anayekutoza lazima aonyeshe sheria. Anayekuahidi msamaha kwenye mkutano wa kampeni, naye aionyeshe.

Sasa ule mlango. Sheria ya 1969 inasema kwamba mwenye nyumba aliyepita miaka 55, kwa hali yake ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa kodi, na mwanamke mjane, wanaweza kuondolewa kodi ya nyumba wanayokaa kama makao yao makuu. Si bure tu. Mapato yake yasipite kiwango kilichowekwa. Akae humo mwenyewe, au pamoja na watu anaowalea, au na mtu mwingine mwenye umri au hali kama yake. Mjane aliyepangisha vyumba vitatu mbele na kukaa chumba cha nyuma hawezi kusema nyumba nzima ni makao yake. Lakini mjane anayekaa na wajukuu watano aliowachukua baada ya wazazi wao kufa, huyo ndiye sheria ilimfikiria.

Shida ni kwamba msamaha haumfuati mtu nyumbani. Lazima autafute, na kwa maandishi. Mtoza kodi akipita anaona nyumba, haoni umri wala ujane, na wala halipwi ili akuambie unachoweza kusamehewa. Basi barua iandikwe kwa ofisi ya mapato ya jimbo, ikiwa na nakala ya kadi ya uchaguzi au cheti kingine kinachoonyesha umri, cheti cha kifo cha mume, karatasi ya parseli, na hati ya makao kutoka kwa mkuu wa kartie au komini. Peleka nakala mbili. Moja ibaki nao, moja irudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Na iende mapema. Kwa desturi watu hutangaza kodi hii mwanzoni mwa mwaka, kufikia tarehe 1 Februari, hivyo barua ya Agosti inakuta deni limekwisha kuandikwa na adhabu imeanza kuhesabiwa. Jimbo hutoa edikti zake za fedha, kwa hiyo ukifika ofisini omba uonyeshwe edikti ya mwaka huohuo.

Najua ugumu ulipo. Wajane wengi hawana cheti cha kifo. Wengine walifiwa katika ile vita ya siku sita ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu, na siku zile ni nani aliyekwenda ofisi ya raia kuandikisha maiti? Wengine parseli bado iko kwa jina la marehemu, na shemeji zake wanaitolea macho. Hapo naomba tuwe waangalifu: mama akipeleka barua ya kuomba msamaha kwa parseli isiyo katika jina lake, anaweza kufungua kesi ya urithi ambayo hakuitazamia. Aanze na mahakama na karatasi za urithi, kisha kodi. Kanisa linaweza kumsindikiza hapo zaidi ya kumchangia.

Kuhusu kanisa lenyewe nitasema kwa ufupi, kwa sababu ni jambo linalotuhusu na tunalipenda kupita kiasi. Sheria hiyohiyo inaondoa kodi kwenye jengo ambalo mwenyewe hatafuti faida nalo, akalitumia kwa ibada, mafundisho, hospitali au kazi za huruma za namna hiyo. Inasema jengo au sehemu ya jengo. Kwa hiyo hekalu halilipi. Zile boutiki tulizojenga kwenye uzio wa kanisa na kuzipangisha kwa wauza simu, hizo si ibada. Nimesikia wachungaji wenzangu wakisema kila kilicho ndani ya uzio ni cha Bwana. Ni kweli mbele za Bwana, lakini mbele ya sheria boutiki ni boutiki, na hatuwezi kumtetea mjane huku sisi wenyewe tunajificha.

Tuje kwenye usafiri. Kisangani ina komini sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Tano ziko upande mmoja wa mto Kongo, na Lubunga iko peke yake ng'ambo, pale reli ya Ubundu inapoanzia. Hakuna daraja linaloiunganisha na mji. Mwanafunzi, muuza mihogo, mgonjwa, mwenye deni la kodi, wote wanashuka kwenye maji. Ndani ya mji, kwa miaka mingi tulibebwa na toleka, zile baiskeli zenye kiti nyuma. Jina lake ni la Kilingala, na kwa miaka ya vita, petroli ilipokuwa adimu, ndizo zilizobeba mji mzima mgongoni. Kisha pikipiki zikaja, na leo vijana wengi wa makanisa yetu wanakula kwa usukani huo.

Nani anaamua juu ya mambo haya? Hapa ndipo mji na komini wana sauti yao. Sheria ya msingi namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 inaipa halmashauri ya mji uwezo wa kuamua juu ya barabara za mji, mwendo wa vyombo na maegesho yake. Komini nayo ina barabara zake na masoko yake. Jambo kama hili, kwamba pikipiki zisimame wapi sokoni, kwamba njia ya kushukia mitumbwi isafishwe na kuwekewa taa, si la kumlilia gavana kwanza. Ni la mji na komini. Kodi ya kila mwaka ya ile pikipiki, hiyo ni ya jimbo. Na tozo nyingine zote ndogondogo zinazodaiwa njiani, amri-sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018 imeorodhesha zile ambazo jimbo, mji na komini wanaruhusiwa kutoza. Isiyomo katika orodha haina mguu wa kusimama. Kijana anayesimamishwa mara tatu kwa siku, na kila mara tiketi ya rangi nyingine, ana haki ya kuuliza kwa adabu: hii iko wapi katika orodha? Na kila franka anayotoa pasipo halali, wapendwa, anailipisha kwenye nauli. Anayeilipa mwishoni ni yule mama aliyekaa nyuma ya pikipiki.

Lakini halmashauri hiyo iko wapi? Sheria ya 2008 inataka wananchi wachague washauri wa komini, washauri wa komini wachague washauri wa mji, na wao wamchague meya. Miaka mingi ilipita bila hatua hata moja. Mameya waliteuliwa kutoka Kinshasa. Tarehe 20 Desemba 2023, miaka 17 baada ya Katiba, ndipo tulipopiga kura ya washauri wa komini kwa mara ya kwanza, na hata hapo ni katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Komini zetu sita zilikuwemo. Hatua iliyofuata, ya washauri wa mji, ikachelewa. Basi tuna washauri tuliowachagua kwenye komini, na wengi wetu hatukumbuki tena tulimpigia nani. Nimejaribu kuuliza katika kikundi cha vijana. Walimkumbuka mbunge na wakamkumbuka Rais. Mshauri wa komini, mmoja tu ndiye aliyemtaja kwa jina, na ni kwa sababu ni mjomba wake.

Mtu atasema, hata wakikaa, wana fedha gani? Swali ni la haki. Kwenye karatasi hesabu ni hii: Katiba inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 inaipa miji, komini, sekta na chefferie asilimia 40 ya sehemu hiyo. Kwa kila franka 100 za mapato ya taifa, 40 zije majimboni, na katika hizo 16 zishuke mpaka kwetu huku chini. Kwa kweli mgawanyo huo haujawahi kutendeka kama ulivyoandikwa; fedha hutumwa kutoka Kinshasa kidogokidogo na kwa kuchelewa. Jimbo likikosa, linakaza kamba kwenye kile kilicho karibu, yaani parseli na pikipiki. Nehemia sura ya 5 inasimulia watu walioweka mashamba yao rehani ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia alikasirika, lakini kabla ya kusema lolote alikaa akafikiri, kisha akawakemea wakubwa, hadharani. Hakuwaambia watu wasilipe.

Katika kanisa letu tumeanza na kitu kidogo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mwalimu mmoja mstaafu na dada mmoja anayesomea sheria hukaa chini ya mwembe na kuwaandikia barua wajane na wazee wanaotaka kuomba msamaha wa kodi ya nyumba. Tunawauliza maswali manne: umri, makao, mapato, jina kwenye karatasi ya parseli. Asiyestahili tunamwambia wazi kwamba hastahili, na tunamsaidia kuomba alipe kwa mafungu. Barua za watu wa Lubunga tunazikusanya pamoja na mtu mmoja anavuka nazo zote, ili wasilipe mtumbwi kumi na wawili kwa ajili ya mihuri kumi na miwili.

Yule mama alikuwa wa kwanza katika orodha. Cheti cha kifo cha mumewe hakikuwepo, kwa hiyo imebidi tupitie mahakamani kwanza, na faili lake bado liko huko. Nakala ya barua yake, yenye muhuri na tarehe, ameiweka ndani ya Biblia yake, na kila Jumapili ananionyesha kwamba bado ipo.