Ujumbe wa Bure Hulipiwa na Nani?

Liko swali moja ambalo watu wa safari na biashara hawachoki kuliuliza. Je, mtu anaweza kukwepa gharama za simu kwa kuandika barua pepe kwenye kompyuta, halafu maneno yake yakaingia kama ujumbe mfupi kwenye simu ya mtu aliyeko Karatu, au kule juu Ngorongoro, bila kukatwa hata shilingi?

Wanaouliza wana sababu. Ofisi ya utalii mjini Arusha inamtafuta dereva wake aliyeteremka kreta na wageni. Mnunuzi wa vitunguu aliyeko Dar es Salaam anamtafuta mkulima wa Mang'ola. Kijana aliyeko ng'ambo anamtafuta mama yake Endulen, na mama ana kitochi tu, hana intaneti.

Jibu ni kwamba njia hiyo ilikuwapo kweli, lakini haikuwa ya bure. Kilichobadilika ni mlipaji.

Tuanze na safari yenyewe ya ujumbe. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi Neil Papworth aliuandika kwenye kompyuta, ukaingia kwenye simu ya mkononi ya bwana mmoja wa kampuni ya Vodafone, kumtakia heri ya Krismasi. Kwa hiyo kutoka kompyuta kwenda simu si ujanja wa vichochoroni. Ndivyo jambo hili lilivyoanza.

Ujumbe hauruki moja kwa moja kutoka kwako hadi kwa mwenzako. Hupitia kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu, nacho huupokea, huuhifadhi, kisha huitafuta simu inayotakiwa. Simu ikiwa imezimwa, au dereva akiwa chini ya kreta mahali ambapo kuta za mita 600 hivi zinakinga mawimbi ya mnara, ujumbe husubiri. Akipanda ukingoni na mtandao ukarudi, simu inalia. Lakini hausubiri milele. Muda uliowekwa ukipita, ujumbe hufutwa.

Baadaye makampuni mengi duniani yaliweka lango kati ya barua pepe na kituo hicho. Uliandika namba ya simu, ukaweka alama ile ya @, ukamalizia na jina la lango. Lango liliichukua barua yako, likaondoa mapambo, likaibana ndani ya herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa, kisha likaikabidhi kwa kituo. Orodha za anwani hizo zilizunguka sana, na hata Mobitel ya Tanzania ilitajwa humo, kampuni iliyoanza mwaka 1994, ikaja kuitwa Buzz, kisha Tigo, na tangu 2024 Yas.

Sasa nani alilipa? Huko Marekani, kwa miaka mingi, aliyepokea ujumbe naye alitozwa, au ulihesabiwa katika kifurushi chake. Aliyetuma kwa barua pepe hakutoa kitu, lakini rafiki yake alitoa. Kwetu sivyo. Hapa anayetuma ndiye anayekatwa, anayepokea hakatwi, na ndiyo maana tukajifunza kubipu: unapiga, inalia mara moja, unakata, mwenye salio akupigie. Mtu wa barua pepe hana laini ya kampuni ile wala salio la kukatwa. Lango likiachwa wazi, kampuni inawabebea mizigo watu wasio wateja wake. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba mjumbe hula hewa.

Sababu ya pili ni matapeli. Lango lisilo na mlinzi hupitisha kila mtu, na barua pepe inaweza kubandikwa jina lolote la mtumaji. Sisi tunaoujua ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kampuni kubwa ya AT&T ya Marekani ililifunga lango lake tarehe 17 Juni 2025.

Kilichobaki kwetu ni njia za kulipia. Shule, kanisa au chama cha akiba hununua ujumbe kwa jumla na kuutuma kutoka kwenye kompyuta kwa mamia ya watu. Wenye simu janja hutumia WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, nayo yataka bando. Mwenye kitochi hufikiwa na ujumbe wa kawaida, na kifurushi cha ujumbe mara nyingi ni nafuu kuliko kutuma mmoja mmoja.

Kwa anayetuma kutoka kompyuta, kuna hasara nyingine isiyoonekana. Herufi 160 zinahesabiwa hivyo kwa alama za kawaida tu. Ukiweka kijipicha cha uso unaocheka, au kompyuta ikikuandikia Mang'ola kwa kile kikoma cha juu kilichopinda badala ya kilichonyooka, nafasi inaweza kushuka hadi herufi 70. Ujumbe mmoja wa kuuliza bei ya gunia utahesabiwa kuwa miwili au mitatu, nawe utalipia yote.

Basi andika kwa ufupi, jambo kubwa likitangulia. Taja jina lako, maana namba ngeni haina sura. Kama ni jambo la fedha, piga simu usikie sauti. Na kama ni jambo la haraka, mgonjwa au gari lililoharibika njiani, usiseme "nilishamwandikia" ukalala. Omba jibu. Kutuma si kufika.

Ofisi inayohangaika kuokoa gharama ya ujumbe mmoja ikumbuke wageni watakaosimama getini bila dereva. Familia nayo imkumbuke mama wa Endulen, anayekaa na simu mkononi akidhani amesahauliwa, kumbe mwanawe aliandika jana kwa njia iliyokwisha kufungwa.