Saratani ya kinywa: Alama za molekuli zatabiri nini?

SWALI la kwanza ambalo mgonjwa wa saratani ya kinywa humwuliza daktari ni kama atapona. La pili, ambalo aghalabu huulizwa na ndugu zake pembeni, ni muda gani amebakiza. Kwa miongo kadhaa wanasayansi wamekuwa wakilitafuta jibu ndani ya seli zenyewe za uvimbe, kwa kupima kile wanachokiita alama za molekuli.

Alama hizo ni protini au mabadiliko ya vinasaba yanayodokeza tabia ya uvimbe: iwapo utakua kwa kasi, utaenea shingoni au utarudi baada ya upasuaji. Hutafutwa katika kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye kidonda. Kipande hicho huhifadhiwa katika fomalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa kwa wembamba unaopita ule wa unywele, kisha hutiwa kingamwili maalumu. Protini inayotafutwa ikiwapo, sehemu hiyo hugeuka rangi na kuonekana kwa hadubini.

Inayofahamika zaidi ni p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Katika seli yenye afya, p53 hufanya kazi ya mlinzi: vinasaba vikiharibika, huizuia seli isigawanyike mpaka virekebishwe, au huiamuru ife. Moshi wa tumbaku ni miongoni mwa vitu vinavyoiharibu jeni inayoitengeneza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 420 wa saratani za kichwa na shingo waliofanyiwa upasuaji, ulibaini kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa na kasoro katika jeni hiyo, na kwamba waliokuwa nayo waliishi muda mfupi zaidi.

Alama nyingine ni Ki-67, inayoonyesha ni seli ngapi zimo katika harakati za kugawanyika, na EGFR, kipokezi kilicho juu ya seli ambacho hupokea amri ya kukua. EGFR imekuwa pia shabaha ya tiba: mwaka 2006 Marekani iliidhinisha dawa ya cetuximab, inayokiziba kipokezi hicho, kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo.

Alama iliyothibitika zaidi ni p16, inayoashiria saratani iliyosababishwa na virusi vya HPV. Mwaka 2010 watafiti waliripoti kuwa baada ya miaka mitatu, takriban asilimia 82 ya wagonjwa wenye saratani ya koo iliyotokana na HPV walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 57 ya wale ambao saratani yao haikutokana na virusi hivyo.

Lakini matokeo hayo yanahusu sehemu ya koo iliyo nyuma ya kinywa, hasa kwenye tonsili na shina la ulimi. Saratani za sehemu ya mbele ya ulimi, ufizi, shavu na sakafu ya kinywa hutokana zaidi na tumbaku, ikiwemo ugoro na ile ya kutafuna, pamoja na pombe. Huko p16 haina uzito huo wa utabiri.

Kuhusu alama nyingine, tafiti nyingi zimehusisha wagonjwa wachache, au maabara zimetumia vipimo visivyolingana. Ndiyo maana mwaka 2005 wataalamu walitoa mwongozo wa REMARK, unaoeleza jinsi tafiti za alama za saratani zinavyopaswa kuripotiwa. Hadi sasa hakuna alama ya molekuli iliyochukua nafasi ya vigezo vya kawaida katika saratani ya kinywa.

Vigezo hivyo ni ukubwa wa uvimbe, kina chake na kuenea kwake kwenye tezi za shingo. Mwongozo wa kimataifa wa hatua za saratani ulioanza kutumika mwaka 2018 unatenganisha uvimbe uliozama hadi milimita 5, uliopita hapo, na uliozidi milimita 10. Saratani ikishafika kwenye tezi za shingo, uwezekano wa kuishi hupungua kwa takriban nusu.

Kwa mkazi wa Msangeni, katika milima ya Upare wilayani Mwanga, maana yake ni kwamba kigezo chenye nguvu kuliko vyote kimo kwa sehemu mikononi mwake, nacho ni muda. Kutoka huko mgonjwa hushuka hadi mjini Mwanga, kisha Moshi iliko hospitali ya rufaa ya KCMC, na wengine hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli na siku za shamba zinazopotea humfanya mtu aahirishe safari, akisukutua maji ya chumvi na kununua dawa dukani, ilhali milimita zinaongezeka.

Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki tatu, baka jeupe au jekundu lisilofutika, jino linalolegea bila sababu au uvimbe shingoni, hata pasipo maumivu, ni sababu tosha ya kwenda zahanati na kuomba rufaa ili kipande kikatwe na kupimwa. Maabara haiwezi kuipima alama yoyote, ya zamani au mpya, kabla kipande hicho hakijaifikia.