Homa Mbili za Viungo na Mbu Wazichukuao

Ndugu wasomaji wa Manyamanyama na vijiji vyote vya kando ya Ziwa, kama mnaye mzee mwenye kumbukumbu nzuri, mwulizeni habari za mwaka 1959 na miaka iliyofuata. Katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda, ilizuka homa iliyokamata viungo hata mtu asiweze kuinama aokote jembe lake. Wenyewe waliiita onyong-nyong, yaani kuvunjika viungo. Ikaingia Kenya, ikashuka Tanganyika, na watu wapatao 2,000,000 waliugua kabla haijatulia.

Homa hiyo ina ndugu yake, chikungunya, iliyojulikana kwanza kwa Wamakonde mwaka 1952. Jina ni la Kimakonde, maana yake kukunjamana. Virusi vyake vyafanana na vile vya onyong-nyong kama watoto wa tumbo moja. Lakini angalieni ajabu: onyong-nyong huchukuliwa na anofelesi, mbu yule yule wa malaria aumaye usiku. Chikungunya hupanda mbu mwingine, mwenye madoa meupe miguuni, azaaye mitungini na kuuma mchana.

Mbona ndugu hawa hawapandi mbu mmoja? Kila kirusi kina maandishi ndani yake, mfano wa barua, yanayoamuru umbo lake. Barua ya chikungunya ina herufi karibu 12,000. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa, kirusi hana budi kupenya tumbo la mbu, azaane humo, kisha afike kwenye mate. Umbo lake lisipopatana na tumbo hilo, safari yaishia hapo. Tena, kirusi ajinakilipo hukosea herufi mara nyingi, maana msahihishaji hana. Makosa mengi humwangamiza mwenyewe, machache humfaa.

Mwaka 2004 chikungunya iliwashika watu wa Lamu wakati wa ukame, kila nyumba imeweka akiba ya maji. Yasemekana robo tatu ya mji waliambukizwa. Ikavuka hata Komoro, kisha 2005 ikafika kisiwa cha Réunion. Huko mbu wa mitungini ni haba, ila mbu mwenye milia, mzaliwa wa Asia, ni tele. Basi herufi moja tu ikabadilika, moja katika zile 12,000! Kirusi akamwingia mbu huyo kwa urahisi mkubwa, na theluthi ya watu wa kisiwa wakaugua. Mwaka 2007 homa ikazuka hata Italia, katika kijiji cha Castiglione di Cervia.

Kwa hiyo, akina mama, chandarua cha usiku chafaa kwa anofelesi, lakini mbu wa mchana hakiogopi. Funikeni mitungi na mapipa, sugueni kuta zake kila juma kwa sababu mayai hugandama hapo, na msiache vifuu wala matairi yenye maji uani. Na mtoto akishikwa na homa na maumivu ya viungo, mpelekeni zahanati apimwe malaria kwanza, kwa kuwa malaria ina dawa yake na haingoji.