Je, Wakili Wako Ana Leseni?

Mwanamke akifiwa na mume, mambo hayamsubiri amalize machozi. Kuna nyumba, kiwanja, mafao ya marehemu, na ndugu wenye maswali. Hapo ndipo hutokea mtu mwenye mkoba na tai: "Mama, mimi ni wakili. Lete fedha tufungue faili." Katika kuwatembelea wajane hapa Tabora, nimekuta waliokwisha kutoa fedha, na hati ya nyumba juu yake, bila hata kujua jina kamili la mtu huyo.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo walitanguliwa na kirangozi, mtu aijuaye njia. Mahakamani nako ni safari. Una haki ya kumjua anayekutangulia.

WAKILI NI NANI?

Kusoma sheria peke yake hakumfanyi mtu wakili. Kwa Tanzania Bara, lazima akubaliwe na Jaji Mkuu, na jina lake liandikwe katika Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Kisha kila mwaka hana budi kuhuisha leseni yake. Ndivyo ilivyo hata kwetu wauguzi: cheti cha chuo hakitoshi, lazima usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na uwe na leseni hai. Wanaojifanya mawakili bila sifa hizo, watu huwaita vishoka.

Hasara yake si fedha tu. Katika rufaa namba 140 ya mwaka 2006, kati ya Edson Mbogoro na Dk. Emmanuel Nchimbi, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba wakili asiye na leseni hai anavunja sheria, na anachokifanya kama wakili hakina nguvu kisheria. Mama, karatasi zako zinaweza kutupwa ingawa haki ni yako!

FANYA HIVI KABLA YA KULIPA

1. Mwulize jina kamili na namba yake katika Daftari la Mawakili.

2. Litafute jina hilo katika mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Huonyesha kama anaruhusiwa kufanya kazi au amesimamishwa. Kama huna simu ya intaneti, mwombe mwanao, au ukaulize Mahakama Kuu hapa Tabora.

3. Dai stakabadhi kwa kila malipo. Usimkabidhi hati halisi bila kubaki na nakala na maandishi kwamba ameipokea.

AKIKUKOSEA

Peleka malalamiko kwa maandishi kwenye Kamati ya Mawakili. Kamati hiyo inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha, au kuamuru jina lake lifutwe.

Lakini ukisikia fulani aliadhibiwa, sikiliza habari mpaka mwisho. Fatma Karume, aliyekuwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, alisimamishwa uwakili Tanzania Bara mwaka 2019, na mwaka 2020 Kamati ikaamua afutwe. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Aliyekariri habari za 2020 tu angemhukumu bure. Kwa hiyo tazama hali ya wakili ilivyo leo, si uvumi wa sokoni.

KAMA HUNA FEDHA

Mirathi mengi ya kawaida hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mjane anaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Tena ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Hao hukuelekeza bure, ila hawaruhusiwi kukusimamia kesi mahakamani. Ofisi ya ustawi wa jamii wilayani itakuonyesha walipo.

Dada, kumwuliza wakili namba yake si utovu wa adabu. Wakili mwaminifu ataitaja bila kukunja uso. Akikasirika, funga pochi yako, chukua hati zako, uage kwa heshima.