Lori la Maziwa Halingoji Jua Lipande

Kabla ya mapambazuko, uwanda wa Kinangop katika kaunti ya Nyandarua nchini Kenya huwa bado umefunikwa na ukungu, lakini wakulima wameshafika kando ya barabara na mitungi yao ya maziwa. Wapo walioileta kwa pikipiki, wapo walioikokota kwa punda. Wengi wana ng'ombe wawili au watatu tu. Hata hivyo, maziwa hayo ya hapa lita tano, pale lita kumi, yakikusanywa hujaza matangi yanayoelekea kwenye viwanda vya kaunti za Nakuru na Kiambu.

Anayeyaunganisha maziwa hayo ni dereva wa lori.

Mzigo wake hauna subira. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la nyuzi 38 hivi, na katika joto hilo bakteria huongezeka maradufu kila nusu saa, wakati mwingine upesi zaidi. Ndiyo maana wataalamu hutaka yapozwe hadi nyuzi 4 ndani ya saa mbili au tatu baada ya kukamuliwa. Mkulima asiye na umeme hawezi kulifanya hilo nyumbani, kwa hiyo hulitegemea lori liyawahishe kwenye kituo chenye tangi la kupozea. Maziwa ya jioni ndiyo huteseka zaidi, kwa sababu njia nyingi hupitiwa na lori asubuhi tu. Mengi huishia kwa majirani, kwa ndama, au hulazwa kwenye beseni la maji baridi kwa matumaini kwamba yatafika asubuhi yakiwa mazima.

Mtungi haumiminwi kabla ya kukaguliwa. Kazi hiyo hufanywa na karani anayeandamana na dereva, au dereva mwenyewe. Kifuniko kikifunguliwa tu, pua hutangulia: harufu ya uchachu, moshi au dawa hutambulika papo hapo. Kisha hutumbukizwa laktometa, chombo cha kupima uzito wa maziwa. Lita moja ya maziwa halisi ina uzito wa gramu 1,030 hivi, nayo ya maji ni gramu 1,000, hivyo aliyeongeza maji huumbuliwa na kipimo. Mwisho, maziwa kidogo huchanganywa na kiasi sawa cha alkoholi. Yakiganda vipande vipande, huenda yameanza kuchacha na hurudishwa kwa mwenyewe.

Kumrudishia mkulima mtungi aliouamkia alfajiri ni jambo zito, hasa kama fedha za maziwa hayo ndizo zingelipa karo. Lakini mtungi mmoja mbovu unaweza kuharibu tangi zima. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa ugonjwa wa kiwele, kwa mfano, hubeba mabaki ya dawa ambayo huua hata bakteria wazuri wanaogandisha mala na mtindi.

Barabarani nako kuna mtihani wake. Matangi ya mafuta mara nyingi huwekewa kuta za ndani za kupunguza mtikisiko. Matangi mengi ya maziwa hayana kuta hizo, kwa kuwa mabaki yangejificha kwenye pembe zake na kuoza. Dereva akikanyaga breki, maziwa huendelea kwenda mbele na kulisukuma lori. Kwenye kona, huegemea upande mmoja na yanaweza kulipindua. Tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa pomoni. Dereva mzoefu hupunguza mwendo mapema, huingia konani taratibu na huacha nafasi kubwa mbele yake. Akishapakua, tangi huoshwa kwa maji, kwa sabuni ya moto, kisha kwa maji tena kabla ya safari nyingine.

Mvua za masika zikianza, maarifa yote hayo hushindwa na tope. Lori likikwama, maziwa yaliyopita vipimo alfajiri huweza kukataliwa mchana. Hapo mkulima, mwenye lori na kiwanda wote hupata hasara.

Serikali za kaunti zinazojivunia maziwa ya wakulima wao zina wajibu wa wazi: zimwage changarawe kwenye barabara za vijijini kabla ya mvua, na zisogeze matangi ya kupozea karibu na mashamba. Dereva hodari hawezi kuokoa maziwa yaliyokwama matopeni.