Keki ya Ploti: Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto Mdogo Kabiria

Siku ya kuzaliwa ya mtoto mdogo huadhimishwa Jumapili huko Kabiria, hata kama mtoto mwenyewe alizaliwa Jumanne. Kabiria ni mtaa wa Riruta, upande wa Dagoretti magharibi mwa Nairobi, jirani na Satellite na Kawangware, na wengi wa wakazi wake ni watu wa kibarua, biashara ndogo au mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tarehe husogezwa mpaka ikutane na mambo mawili: pesa mkononi na watu nyumbani. Aliyezaliwa katikati ya mwezi, mwezi ukiwa umekona, husubiri mpaka mshahara uingie. Aliyezaliwa Desemba huunganishwa na Krismasi, chapati zikawa za wote wawili, Yesu na yeye. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili halalamiki, hajui tarehe.

Hata wazazi wa wazazi wake hawakuijali sana tarehe. Dagoretti ilikuwa ardhi ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963, na kwa Wakikuyu siku iliyokuwa na sherehe ni ile ya kuzaliwa kwenyewe. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza jinsi vigelegele vilivyotangaza habari kijijini: vitano kwa mvulana, vitatu kwa msichana. Baada ya hapo umri haukuhesabiwa kwa miaka ya mtu mmoja mmoja bali kwa riika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, nalo likaitwa kwa jambo lililotokea wakati huo. Wajaluo na Waluhya, ambao leo wamo miongoni mwa wapangaji wa maeneo hayo, waliiweka kumbukumbu ya kuzaliwa ndani ya jina. Otieno alizaliwa usiku, Achieng jua likiwa juu, Okoth na Wafula wakati wa mvua, Wanjala wakati wa njaa. Mtu akiitwa tu, kuzaliwa kwake kumekumbukwa, hakuhitaji mshumaa.

Kilicholeta tarehe ni kliniki. Mama anayehudhuria kliniki hupewa kijitabu cha mama na mtoto, na ndani yake siku ya kuzaliwa huandikwa kwa kalamu, kisha chanjo na kilo hufuatana chini yake: chanjo ya surua miezi 9, tena miezi 18. Kijitabu hicho hufungwa kwenye karatasi ya nailoni na kutunzwa pamoja na vitambulisho. Mama aliyekwenda kupima uzito mwezi baada ya mwezi anajua hesabu ya mtoto wake barabara, na mwaka unapotimia ana jambo la kushukuru. Ndiyo maana sherehe ya mwaka wa kwanza huwa kubwa kuliko ya pili. Ya kwanza ni shukrani ya wazazi, wala haimhusu sana mtoto, ambaye mara nyingi huipitisha akiwa amelala mgongoni. Ya tatu hurudi kuwa na kelele kwa sababu nyingine: mtoto ameshaanza kupelekwa kwa mlezi wa mchana au shule ya chekechea, ameona wenzake wakikatiwa keki, naye anadai yake.

Mahali pa sherehe ni ploti. Ploti ya Kabiria ni kiwanja kimoja chenye vyumba vingi vya kupanga, vya mabati au vya mawe, vinavyotazamana kwenye uwanja mdogo wenye kamba za nguo na bomba la maji. Chumba kimoja hakitoshi watu kumi, lakini uwanja unatosha thelathini nguo zikianuliwa. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, huarifiwa mapema, kwa heshima na pia kwa sababu ya muziki. Kadi za mwaliko hazipo, wala hazingefaa kitu: watoto wa ploti ni wageni kwa kuwa wanaishi hapo, na kumwalika mmoja ukamwacha mwingine anayechungulia mlangoni ni aibu ambayo hakuna bajeti inayoweza kuitetea. Hesabu ya chakula basi haianzi na idadi ya waalikwa. Inaanza na idadi ya watoto wa ploti, huongezwa wale wa ploti ya pili watakaosikia muziki, halafu ndipo jamaa na marafiki hutajwa.

Pesa hupatikana kidogo kidogo, kama vitu vinavyonunuliwa kidogo kidogo. Uchumi wa mtaa ni wa kadogo: mafuta ya kupima, sukari ya robo, makaa ya mkebe. Mama mwenye busara huanza wiki tatu kabla, leo unga, kesho mafuta, keshokutwa sukari, hivyo siku ikifika kinachobaki kununuliwa ni maziwa na mayai. Walio katika chama cha kuchangishana pesa kwa zamu huomba zamu yao ya mzunguko iangukie mwezi huo. Jamaa walio mbali hutuma kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, na ni kawaida kuona mia mia zikiingia moja moja, kwa kuwa kutuma shilingi 100 au chini ya hapo hakukatwi ada. Shangazi aliyetuma mia hahesabiwi kuwa mchoyo. Viti vya plastiki huazimwa kwa chama au kanisani, sufuria kubwa hutoka kwa jirani, na spika ni ya kijana wa chumba cha mwisho, anayelipwa kwa sahani iliyojaa.

Keki ndiyo inayotafuna bajeti. Huuzwa kwa kilo, na bei hupanda kadiri inavyopambwa: jina la mtoto kwa krimu, picha ya katuni, rangi mbili. Wenye uwezo wa kadiri huagiza nusu kilo iliyopambwa kwa ajili ya picha na kukata, kisha huoka nyingine ya kushibisha. Keki hiyo ya pili ndiyo fundi wa kweli hujulikana kwayo, kwa sababu huokwa bila joko. Sufuria kubwa huwekwa mchanga au mawe madogo chini, ikapashwa moto juu ya jiko la makaa. Sufuria ndogo yenye mchanganyiko wa unga, mayai, sukari, siagi ya mkebe na ganda la chungwa lililokwaruzwa hutumbukizwa ndani. Kifuniko hurudishwa, na juu yake huwekwa makaa yenye moto. Siri iko kwenye mgawanyo wa moto: mdogo chini, mwingi juu. Anayeugeuza mpango huo hutoa keki nyeusi chini na mbichi katikati, na ploti nzima huijua harufu yake. Baada ya dakika arobaini hivi kisu huchomwa katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Mapambo ni sukari ya unga iliyochujwa juu na peremende za rangi zilizopangwa. Mshumaa ni ule ule wa dukani wa siku stima inapopotea, uliokatwa mfupi.

Asiyeweza keki yoyote hupanga mandazi kwenye sinia, mviringo juu ya mviringo, akasimamisha mshumaa katikati. Watoto huimba kwa nguvu zile zile.

Chakula kingine ni chapati na ndengu, au chapati na mchuzi wa nyama iliyokatwa ndogo ili imfikie kila mtu. Kilo mbili za unga wa ngano hutoa chapati zaidi ya ishirini, kutegemea mkono wa mpishi. Hupikwa kwa makaa, si kwa gesi, maana mtungi wa kilo 6 ukiishia kwenye sherehe, uji wa Jumatatu asubuhi utapikiwa nini? Pilau hupikwa na wachache, mara nyingi waliokulia Mombasa au waliojifunza kwa jirani Mwislamu. Kinywaji ni juisi nzito ya chupa iliyochanganywa na maji kwenye ndoo safi. Wamama wenye uzoefu huwatenga wadogo kabisa kwenye karanga, bisi na peremende ngumu, vitu vinavyoweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka minne, wakawapa ndizi na biskuti. Hivyo vigumu hupelekwa kwa kaka na dada zao. Baluni iliyopasuka huokotwa mara moja kwa sababu hiyo hiyo.

Nguo ya mtoto hutafutwa katika soko la Toi au la Gikomba, kwenye mitumba. Anayefika asubuhi marobota yanapofunguliwa hupata kamera, kama wauzaji wanavyoziita nguo za daraja la kwanza, na gauni lililovaliwa mara moja ng'ambo huwa gauni la siku ya kuzaliwa Riruta. Hununuliwa kubwa kidogo, ili lifae na Krismasi.

Sherehe yenyewe haizidi saa mbili au tatu. Huanza alasiri, baada ya ibada, kwa maombi ya mtu mzima. Wimbo huimbwa kwa Kiingereza, ukarudiwa kwa Kiswahili, na bibi akiwepo huongezwa wa kwao. Mtoto hushikwa mkono na mama yake, kisu kikiwa mikononi mwa wote wawili, akakata. Kisha humlisha mama, baba, na shosho, yaani bibi. Katika familia za Kikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu wa upande wa baba, na wa kwanza wa kike la bibi wa upande huo huo, kwa hiyo shosho anapolishwa keki na wajina wake kuna sherehe mbili mahali pamoja, na ni vigumu kipande cha mwanzo kumpita. Vijana wa Kenya wana desturi ya kummwagia maji mwenye siku yake. Mtoto mdogo huponea kwa matone machache kichwani. Mama yake si lazima aponee.

Si kila mlango hufunguka. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi siku za kuzaliwa, na baadhi ya Waislamu pia hujiepusha nazo. Jirani wa namna hiyo hasukumwi. Chapati humfikia jioni kama chakula cha kawaida cha ujirani, bila mshumaa wala wimbo.

Zawadi ni za kutumika: nepi, sabuni, unga wa uji, mafuta ya kupaka. Gari la plastiki huja na mjomba, na kufikia Jumatano limepoteza magurudumu. Picha ndizo hudumu. Hupigwa kwa simu kabla keki haijaguswa, leso ikiwa imetundikwa ukutani kuficha mabati, na kutumwa usiku huo huo kwa walio mashambani. Mama huandika pia, katika daftari au kichwani, nani alileta nini, kwa kuwa mtoto wa kila mmoja wao ana siku yake, na sukari ya robo hurudishwa kwa sukari ya robo.

Jumatatu viti hurudi kanisani na sufuria hurudi kwa mwenyewe. Kwa Wakikuyu kiondo cha mgeni hakirudishwi kitupu, na ploti ya makabila mengi imeihamishia desturi hiyo kwenye vyombo vya kuazima: ndani ya sufuria iliyosuguliwa huwekwa chapati mbili zilizofungwa kwa karatasi, na kipande cha keki kilichofichwa watoto wasikione.